Mfungwa wa Takwa na Kitabu cha Mtoto

Tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitenga mwaka 2021 iwe Siku ya Kiswahili Duniani, ilinikuta Skuta, mtaa mmoja wa mji wa Nyeri, nimejifunika mablanketi mawili na bado meno yagongana. Sisi watu wa pwani hatukuumbiwa baridi ya Mlima Kenya. Nilikwenda kumtazama mpwa wangu, mzaliwa wa Langoni, Lamu, ambaye kazi ya mumewe imempeleka huko, na sasa ni mwaka wa nne. Redioni wakubwa walikuwa wakihutubu: Kiswahili kimekua, Kiswahili kimevuka bahari, Kiswahili kimeingia katika Umoja wa Afrika. Nami nilikuwa nikitikisa kichwa kwa raha, kama mzee anayesikia mwanawe akisifiwa mbele za watu.

Mara akaingia mjukuu wetu, mtoto wa miaka minane, atoka skuli. Alivua viatu, akatoa salamu, akanibusu mkono, kisha akafungua mkoba na kutoa kijitabu chembamba. Akaanza kusoma kwa sauti, bila kukwama. Ilikuwa ni Kikuyu. Mama yake hakijui, baba yake hakijui, lakini mtoto akisoma kama aliyezaliwa nacho. Nikamsifu. Naye akaniuliza: "Babu, kitabu cha lugha yenu kiko wapi?"

Nikamwambia, lugha yetu ni Kiswahili, na vitabu vyake vimejaa. Akatikisa kichwa. "La, babu. Hicho ni Kiswahili cha mwalimu. Mama akiniita husema 'ndoo'. Mwalimu asema ndoo ni ya kutekea maji."

Tulicheka sote, lakini mimi kicheko kilinikauka upesi. Nimetunga mashairi tangu ujana wangu, nimeandika magazetini miaka mingi, na sikuwa na jawabu la kumpa mtoto wa miaka minane. Makala haya ni juhudi ya kulitafuta jawabu hilo, na nililianza kulitafuta huko huko mlimani, kwa sababu jirani wa mpwa wangu, mwalimu mstaafu, aliposikia kisa hiki alinitajia jina moja tu: Gakaara wa Wanjau.

MTU WA TUMUTUMU

Wengi wetu huku pwani hatulijui jina hilo. Watu wa Nyeri walijua vyema. Gakaara alizaliwa mwaka 1921 katika sehemu za Tumutumu, karibu na mji wa Karatina, babake akiwa mchungaji wa kanisa la Presbyterian. Alisoma katika skuli ya Alliance, akafukuzwa mwaka 1940 kwa ajili ya mgomo wa wanafunzi, akaingia katika jeshi la Mwingereza wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Alipotoka jeshini hakutaka kuwa karani wa mtu. Alitaka kuandika, na alitaka kuandika kwa lugha ambayo mamake angeisikia akaielewa.

Mwaka 1946 alitoa kitabu chake juu ya mambo ya uposaji na ndoa. Baadaye akatoa kijitabu kingine, na hapa msomaji wa pwani ainue kichwa, kwa kuwa kijitabu hicho alikiandika kwa Kiswahili: "Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika". Kwa hivyo asije mtu akasema kwamba Gakaara alikuwa mtu wa kabila lake tu na hakuwa na haja na wengine. Alijua kwamba kuna maneno ya kuwaambia Waafrika wote, na kuna maneno ya kumwambia mtoto wa nyumbani, na kila moja lina lugha yake.

Serikali ya kikoloni haikupenda vijitabu hivyo. Tarehe 20 Oktoba 1952, usiku ilipotangazwa hali ya hatari, Gakaara alikuwa miongoni mwa waliokamatwa mwanzo kabisa. Hakuwa na bunduki. Alikuwa na kalamu, na nyimbo alizozikusanya na kuzipiga chapa.

KISIWANI MANDA

Basi sikiliza alikopelekwa. Baada ya Kajiado, yeye na wenziwe walitiwa katika kambi ya Takwa, kisiwani Manda, ng'ambo tu ya Lamu yetu. Baadaye alipitishwa pia Athi River, na Hola kwenye bonde la Mto Tana. Miaka yake mingi ya kifungo ilipita katika ardhi ya pwani, akisikia bahari hii hii tuisikiayo sisi.

Takwa twaijua sote. Wageni hupelekwa kwa mashua wakatazame magofu, msikiti wa kale na kaburi la nguzo. Watu wa Shela husema asili yao ni huko, na huenda kuzuru na kuomba dua ya mvua. Mimi mwenyewe nimekwenda mara nyingi tangu utotoni. Lakini sijapata hata siku moja kusikia mwenye kumwongoza mgeni akamwambia: hapa palikuwa na kambi, na ndani ya kambi palikuwa na mtu akiandika kwa siri. Twayajua mawe ya miaka mia tano, hatuyajui machozi ya juzi.

Gakaara aliandika shajara kambini. Aliandika nani ameugua, nani ameletwa, nani amevunjika moyo, chakula gani kimetolewa, neno gani limesemwa na askari. Aliyaficha makaratasi hayo yakaokoka, naye akatoka mwishoni mwa miaka ya hamsini. Yalikaa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kuwa kitabu. Mwaka 1983 kilitoka kwa Kikuyu, "Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ", na mwaka 1984 kikapata Tuzo ya Noma, tuzo kubwa ya vitabu vya Afrika iliyoanzishwa na mchapishaji wa Japani. Aliigawana na Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Tafsiri ya Kiingereza ilikuja baadaye, mwaka 1988. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Huyu alicheza kwao, na tuzo ikamfuata kutoka Japani.

KITABU CHA SHILINGI CHACHE

Lakini mwalimu mstaafu wa Skuta hakunieleza habari za tuzo. Alinieleza habari za vijitabu. Baada ya kifungo, Gakaara alirudia kazi yake ile ile, na hatimaye akatulia Karatina na mtambo wake wa kupigia chapa. Alitoa jarida la "Gĩkũyũ na Mũmbi". Alitoa mfululizo wa visa vya Wa-Nduuta, bwana wa vituko ambaye watu walimfuata toleo baada ya toleo. Na alitoa vitabu vya kumfundisha mtoto kusoma Kikuyu, kimoja akikiita "Thooma Gĩkũyũ Kĩega", yaani soma Kikuyu sawasawa. Alishughulika na tahajia hadi uzeeni, akaandika kitabu kizima juu ya namna ya kuiandika lugha yake, maana aliona kwamba herufi walizoachiwa na wamisheni hazikutosha.

Fikiria jambo hilo. Mtu amekaa kifungoni miaka saba hivi kwa ajili ya siasa. Ametoka, nchi imepata uhuru, wenziwe wengine watafuta viti. Yeye ameketi Karatina akibishana juu ya irabu mbili. Wako waliomwona amepungukiwa. Mimi naona alifahamu jambo ambalo wenye viti hawakulifahamu: asiyesoma maneno ya mamake katika karatasi atakua akiamini kwamba maneno ya mamake hayafai karatasi.

Wala uhuru haukumpa raha kamili. Mwaka 1986, wakati wa msako wa kundi la Mwakenya, alikamatwa tena, mzee wa miaka sitini na mitano, akashikwa kwa muda. Alifariki mwaka 2001.

WENZIWE WA MLIMANI

Hakuwa peke yake katika kuwaandikia watoto wa mlima. Ngũgĩ wa Thiong'o wa Limuru, ambaye alifariki Mei 2025, alipotoka kizuizini Kamiti aliandika visa vitatu vya kijana Njamba Nene, kuanzia mwaka 1982 hadi 1986, vyote kwa Kikuyu. Meja Mwangi, mzaliwa wa Nanyuki, alishika njia nyingine. Aliandika kwa Kiingereza kisa cha Kariuki, mtoto wa Kiafrika katika shamba la mzungu, na urafiki wake na mjukuu wa mwenye shamba wakati wa vita vya Mau Mau. Tafsiri ya Kijerumani ya kitabu hicho ilipewa tuzo ya fasihi ya vijana nchini Ujerumani mwaka 1992. Kwa hivyo mtoto wa Berlin alikipata kisa cha Nanyuki kwa lugha ya mamake kabla ya watoto wengi wa Nanyuki wenyewe.

Sisemi Meja Mwangi alikosea. Kila mwandishi na riziki yake. Nasema tu kwamba njia zilikuwa mbili, na ile ya Gakaara ilikuwa nyembamba zaidi, haina fedha wala safari za ng'ambo, na ndiyo iliyomfikisha mjukuu wetu kwenye kijitabu chake cha Kikuyu pale Skuta. Hicho alichokuwa akikisoma si cha Gakaara, ni cha siku hizi. Lakini watangulizi ndio waliofyeka msitu.

NA SISI JE?

Sasa turudi pwani. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, yasema Kiswahili ni lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, na yaiamuru serikali ikuze na kulinda lugha za wenyeji. Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, sera imekuwa kwamba mtoto wa madarasa ya chini afunzwe kwa lugha ya mahali alipo. Ulipatikana hata mfululizo wa vitabu kwa lugha kadhaa ulioitwa "Tujifunze Kusoma Kikwetu". Mtaala mpya wa umilisi, ulioanza nchini kote mwaka 2019, nao umeweka somo la lugha ya asili kwa madarasa ya kwanza.

Mtoto wa Nyeri, basi, ana Kikuyu chake, kisha Kiswahili, kisha Kiingereza. Mtoto wa Lamu ana nini? Ataambiwa lugha yake ya asili ni Kiswahili, na Kiswahili tayari chafundishwa, kwa hivyo maneno yamekwisha. Lakini Kiswahili kipi? Mkutano wa mwaka 1928, uliofanyika Mombasa kwenyewe, ndio uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Tangu hapo Kiamu, Kimvita, Kitikuu na ndugu zao, lugha zilizotungiwa tenzi kwa karne nyingi, zikawa ni "lahaja", na lahaja katika daftari la mtihani ni kosa la wino mwekundu.

Nalijua kosa hilo kwa ngozi yangu. Nilipokuwa mdogo niliandika insha juu ya watoto waliokuwa "wakiteka" ufuoni, kwa maana ya kucheka, kama tusemavyo nyumbani. Mwalimu, mtu mwema aliyetoka mbali, alinisimamisha mbele ya darasa akaniuliza walikuwa wakiteka nini, maji au mateka? Darasa zima likacheka, kwa Kiswahili sanifu. Niliporudi nyumbani nikamsahihisha bibi yangu. Yeye hakukasirika. Alinyamaza tu, na tangu siku ile nikawa naona anapima maneno akizungumza nami. Mpaka leo namwomba Mola anisamehe kwa hilo.

Ajabu ni kwamba sisi hatukukosa mfano. Mwana Kupona binti Msham, zaidi ya miaka mia na sitini iliyopita, alimtungia bintiye utenzi wa wasia kwa lugha ya nyumbani, na mpaka leo tungo hiyo yahifadhiwa kwa moyo. Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliziongezea alama herufi za Kiarabu ili zimudu sauti za Kiswahili, kazi ile ile aliyokuja kuifanya Gakaara na irabu zake. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti la "Sahifa" mwaka 1930 na "al-Islah" mwaka 1932, na hakuona haya, mwanachuoni wa daraja yake, kukaa chini akawaandikia watoto "Masomo ya Dini". Abdilatif Abdalla, aliyefungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake "Kenya: Twendapi?", aliandika gerezani mashairi ya "Sauti ya Dhiki" kwa Kimvita, nayo yakapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Sheikh Ahmed Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, alitumia maisha yake kukusanya maneno ya baharini, ya ujenzi na ya jikoni yasipotee.

Washairi tunao. Wanavyuoni tunao. Tulichokikosa ni kile kijitabu chembamba cha mtoto wa miaka minane.

HOJA ZA WAPINZANI

Najua nitakayoambiwa. La kwanza, kwamba nataka kukigawa Kiswahili wakati dunia yakiunganisha. La hasha. Sitaki mtoto aache sanifu. Ndiyo ya mtihani, ndiyo ya kazi, na ndiyo iniwezeshayo mimi kuandika makala haya yakasomwa Kigoma. Nataka aijue sanifu bila ya kumwonea haya mamake. Mjukuu wetu ana Kikuyu, Kiswahili na Kiingereza, na chuoni ana Kiarabu cha Kurani. Kichwa chake hakijapasuka. Neno "ndoo" la mamake halitakuwa ndilo litakalokipasua.

La pili ni zito zaidi, nalo ni la hesabu. Katika sensa ya mwaka 2019 Wakikuyu walihesabiwa zaidi ya milioni 8. Kaunti yote ya Lamu, wenyeji na wageni pamoja, ilikuwa na watu 143,920. Nani atakipiga chapa kitabu cha Kiamu? Mchapishaji wa Nairobi hatakipiga, wala simlaumu, yeye ni mfanyabiashara. Hata huko mlimani, pamoja na wingi wao na redio zao, mwalimu mstaafu alinilalamikia kwamba vijana wa Nyeri wausikiliza wimbo wa Kikuyu lakini kitabu cha Kikuyu hawakinunui. Basi tusijidanganye kwamba Gakaara alishinda vita akapumzika.

Lakini Gakaara naye hakumngoja mchapishaji wa Nairobi. Kitabu chake cha tuzo kilitolewa na kampuni kubwa, ndiyo, lakini vijitabu vyake alivipiga chapa mwenyewe, akaviuza mwenyewe, kwa bei ya mtu atokaye sokoni na ndizi zake. Na sisi leo tuna jambo ambalo yeye hakuwa nalo. Katiba hiyo hiyo imezipa kaunti mamlaka juu ya elimu ya chekechea. Kaunti ya Lamu au ya Mombasa haihitaji ruhusa ya mtu kuwaita walimu wawili, mshairi mmoja na mchoraji mmoja, wakatoa kijitabu cha kurasa ishirini kwa watoto wa chekechea. Gharama yake haifiki ya mahema na chakula cha sherehe moja ya 7 Julai.

Na kaunti ikichelewa, tuna madrasa. Mtoto wa pwani huifahamu herufi chuoni kabla ya kuifahamu skuli. Tuna Maulidi ya Lamu, ambayo kila mwaka hukusanya watu kutoka pembe zote. Ni mlango gani mzuri zaidi wa kukalia na kikapu cha vijitabu? Tusiseme kazi ya watoto ni ndogo kwa malenga. Sheikh al-Amin hakuiona ndogo. Mtu wa Tumutumu, aliyetoka Takwa na Hola, hakuiona ndogo.

Na tukiwa katika hayo, wale waongozao wageni Takwa waongeze sentensi moja katika maelezo yao. Wamtaje mfungwa aliyeandika pale. Ni mgeni wetu aliyekaa kwetu bila kukaribishwa, na adabu ya Mswahili haimsahau mgeni.

Ama mimi, kabla ya kuondoka Skuta nilinunua daftari dukani. Usiku ule, na baridi ile, niliandika kurasa kumi na mbili kwa Kiamu: habari za mato na pua, za ndia ya kwenda pwani, za paka aliyeiba samaki yana na leo. Sikuwa na picha, nikamwachia mtoto mahali pa kuchora. Wiki mbili baadaye mpwa wangu alinipigia simu. Mtoto amelisoma lote, asema ni zuri, lakini amenisahihisha mahali pawili, maana mamake hasemi hivyo.

Nimefurahi kusahihishwa. Maneno yale mawili nimekwisha kuyabadilisha.